Kwa nini helikopta za jeshi ziruke chini chini usiku?

Msafiri_Kilifi: Wakuu naomba kueleweshwa. Tangu ile helikopta aina ya Huey ya KDF, jeshi la Kenya, ianguke Lamu usiku wa Jumatatu 18 Septemba 2023 ikiwa doria ya Amani Boni, ile operesheni ya msitu wa Boni, na wote waliokuwemo wakafariki, swali hili haliniishi. Mdogo wangu yuko jeshini na hupanda hizo ndege, mama siku hizi halali mpaka apigiwe simu. Si wangepaa juu tu?

fundi_wa_mapanga: Pole ndugu. Ukipaa juu rada inakuona na mwenye bunduki anapata muda wa kukulenga, ukipita juu ya miti adui anasikia mlio tu hajui unatokea wapi mpaka ushampita. Lakini futi 200 ni mita 60 hivi, minazi miwili mirefu kubebana. Ndege ikianza kushuka mita 5 kwa sekunde gizani wala mwili hausikii, na hapo una sekunde 12 basi.

binti_wa_Amu: Na lile giza jamani. Siku zile mfungo sita ndio kwanza umeandama, mwezi mwembamba kama ukucha halafu unazama mapema. Huko Boni hata mkono wako huuoni. Sisemi ndiyo sababu, nawaambia tu giza la kwetu lilivyo.

Msafiri_Kilifi: Si wana miwani ya usiku lakini?

fundi_wa_mapanga: Miwani inakuza mwanga uliopo, wa nyota na mwezi, sasa usipokuwepo ikuze nini? Halafu unaona kiduara cha nyuzi 40 hivi, kupima umbali kwa macho ni shida, inabidi ugeuze kichwa kila saa. Australia, 28 Julai 2023, helikopta ya jeshi aina ya Taipan ilikuwa mazoezini usiku chini chini juu ya bahari karibu na kisiwa cha Lindeman, miwani wamevaa, wanajeshi wanne wakafa na jeshi lao halikuzirusha tena hizo Taipan. Kifaa cha kupima kimo kipo na kinalia ukishuka kupita ulipokiseti, ila ukiwa unashuka kwa kasi kinalia umeshachelewa. Ndiyo maana anawekwa mtu mlangoni achungulie nje, akiona matawi anapiga kelele panda panda.

Msafiri_Kilifi: Mlangoni ndiko anakokaa mdogo wangu. Alipokuja likizo mama alimuuliza kazi yake nini huko angani, akasema naangalia miti, sote tukadhani anamtuliza tu.