Tupeane uzoefu: Kumuunganisha msaidizi wa akili mnemba na nyaraka za vifaa vya roboti

Wakuu, salaam. Naomba tukusanye hapa visa vyetu wenyewe, si vya kusikia, kuhusu kuwapa wasaidizi wa akili mnemba wanaotuandikia msimbo nyaraka za watengenezaji wa vifaa: mlifanyaje, na kilichowagomea ni kipi. Nitaanza na changu.

Nilikuwa natengeneza mkono wa roboti wenye servo (mota zinazogeuka hadi pembe unayozitajia) tano aina ya Dynamixel XL430-W250. Nilimwomba msaidizi aandike programu ya kuizungusha servo ya kwanza hadi katikati, naye akaniletea msimbo safi, wenye maelezo kila mstari, ila servo haikutikisika. Kwa jioni mbili nilishuku waya, nikashuku umeme, nikafikia hatua ya kuchomelea upya soketi zilizokuwa nzima. Kumbe msimbo ule ulikuwa wa AX-12A, servo ya kizazi cha nyuma ya kampuni hiyohiyo: ulituma lengo (pembe ya kufikia) kwenye anwani ya 30 ya kumbukumbu ya servo, kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) ya 1.0 na kasi ya biti 1,000,000 kwa sekunde, ukihesabu 512 kuwa ndiyo katikati. XL430 hutoka kiwandani ikisikiliza kwa kasi ya 57,600 na itifaki ya 2.0, lengo lake huandikwa kwenye anwani ya 116 kwa baiti nne, na mzunguko wake mzima una hatua 4,096, hivyo katikati ni 2,048. Nilinakili jedwali la anwani kutoka mwongozo wa mtengenezaji, nikaliweka kama faili la maandishi matupu ndani ya folda ya mradi, nikamwagiza msaidizi asitumie anwani yoyote isiyomo humo. Safari hii hata alikumbuka kuzima nguvu ya mota kwenye anwani ya 64 kabla ya kubadili hali ya uendeshaji kwenye anwani ya 11, jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelipita bila kulisoma.

Mwalimu wa ufundi, Arusha

Kwangu tatizo lilikuwa toleo. Wanafunzi wangu huendesha vigari vya mota mbili kwa bodi za ESP32 (kompyuta ndogo za kuendeshea vifaa), na muhula huu karibu kila kikundi kilileta msimbo uliogoma kukompailika, wenye amri za ledcSetup na ledcAttachPin, za kudhibiti mota kwa mipigo ya umeme. Amri hizo ziliondolewa katika toleo la 3.0 la kifurushi cha ESP32 kwa Arduino, mahali pake ikaingia ledcAttach, na ledcWrite nayo sasa hupokea namba ya pini ya bodi badala ya namba ya chaneli (njia ya ndani inayozalisha mipigo hiyo).

Tukampa msaidizi nyaraka, tukadhani tumemaliza. Bahati mbaya tulimpa za matoleo yote mawili kwa pamoja, naye akachukua ledcAttach kutoka mpya na ledcWrite ya chaneli 0 kutoka ya zamani. Msimbo ulikompailika bila lalamiko lolote, maana kompaila huona namba tu, haijui kama 0 hiyo ni chaneli au pini, na kigari kikabaki kimesimama mbele ya darasa zima. Afadhali lile kosa la kwanza, lililojitangaza lenyewe.

Fundi wa elektroniki, Mombasa

Mimi niliangushwa na jedwali. Nilikuwa na sensa ya mwendo ya MPU-6050 kwa ajili ya roboti ya magurudumu mawili inayojisawazisha, nikaigeuza datashiti (waraka wa mtengenezaji wenye vipimo vya kifaa) ya PDF kuwa maandishi kwa programu ya kawaida, kisha nikaikata vipande ili msaidizi avitafute. Jedwali la unyeti likakatika katikati, vichwa vya safu vikabaki kipande kimoja na namba kipande kingine. Sensa ilikuwa kwenye kipimo cha g 2 (g 1 ni mvuto wa kawaida wa dunia), ambacho usomaji wake hugawanywa kwa 16,384, lakini msaidizi alichukua 8,192, namba ya kipimo cha g 4. Roboti imetulia mezani kabisa, haijaguswa na mtu, nayo inadai inavutwa na g 2 badala ya g 1. Niliandika jedwali lile upya kwa mkono, mistari minne tu, na tangu hapo majedwali ya rejista (vijisehemu vya kumbukumbu ya kifaa vyenye anwani) siyaachii programu iyageuze.

Mwandishi wa programu, Nairobi

Wenzangu, kunakili kwa mkono kunawezekana kifaa kikiwa kidogo. Mwongozo wa rejista wa familia ya chipu za STM32F4 una kurasa zaidi ya 1,700, na huwezi kummiminia msaidizi kurasa zote kila unapouliza swali. Nilitengeneza seva ndogo ya MCP, itifaki ya kumuunganisha msaidizi na zana na data za nje iliyotolewa na Anthropic mwezi Novemba 2024, inayoendeshwa kwenye kompyuta yangu na yenye kazi mbili tu: kutafuta kwenye nyaraka na kusoma sehemu iliyopatikana. Kazi ya kutuma amri kwa mota sikuiweka, ingawa ni rahisi kuiongeza, kwa kuwa mkono wenye kibanio haufanyiwi majaribio mtu akiwa ameinama karibu nao. Agizo langu jingine ni kwamba kila namba ya rejista iandikwe pamoja na jina la faili na mstari ilikotoka.

Mchangiaji mwingine

Mimi bado nasoma nyaraka mwenyewe, bila msaidizi. Kwamba pini 34 hadi 39 za ESP32 ni za kupokea tu nililijua baada ya kupoteza siku nzima, na sijalisahau tena.

Mwanzisha mada

Ndugu wa Nairobi, agizo lako la faili na mstari nimelijaribu jana kwenye mkono wangu, kwa sababu servo ya tatu ilikuwa imeanza tena kukaa kimya baada ya kuomba kipande kipya cha msimbo. Msaidizi alitaja faili, nikalifungua, nikakuta ni jedwali la XL-320, ambayo lengo lake nayo liko kwenye anwani ya 30. Nilikuwa nimelipakua miezi kadhaa iliyopita kwa mradi mwingine na kulisahau kwenye folda ileile. Nimelifuta, na servo ya tatu inazunguka.