Kadi ya grafiki inalia kama mbu gemu ikiwa kwenye menyu: tatizo ni kadi au pawasaplai?

Kurasini_PC

Wakuu, habari za jioni. Naomba mwongozo kwa wanaozijua saketi za kompyuta.

Mashine ni hii: kadi ya NVIDIA ya kizazi cha RTX 30 inayokula wati 220, plagi mbili za pini 8; pawasaplai (kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ya wati 650; monita ya hezi 144, yaani inabadilisha picha mara 144 kwa sekunde; kati ya soketi na kompyuta kuna UPS ya kawaida, ile yenye betri ya kushika umeme ukikatika. Kadi ni mpya, iko ndani ya waranti.

Gemu ikiwa kwenye menyu panasikika mlio mwembamba, mkali, kama mbu sikioni. Nikiingia kuchezea mlio unakuwa mzito, wa kukwaruza, na unabadilika kila picha inapobadilika. Kompyuta ikiwa imetulia kwenye deskitopu, kimya. Umeme ukikatika na UPS kushika, unaanza muungurumo mwingine kabisa kutoka upande wa pawasaplai. Joto la kadi halizidi nyuzi 68, na mashine haijawahi kujizima.

Nauliza: kinacholia ni kadi au pawasaplai? Kitaunguza kitu? Nimeshauriwa nifungue kadi nimwagie gundi koili zake (vile vibonge vyenye waya uliozungushwa), au ninunue pawasaplai ya wati 850. Kipi sahihi?

Fundi Saketi

Mkuu, hapo uliposema menyu inalia kwa sauti nyembamba kuliko gemu yenyewe, ndipo penye jibu.

Kadi inapokea volti 12, lakini chipu yake inatumia kama volti 1 tu. Volteji inashushwa na transista, yaani swichi ndogo za umeme, zinazowaka na kuzima mara laki kadhaa kwa sekunde, zikiwa na koili za kulainisha mkondo. Sikio la mtu linaishia kwenye hezi 20,000, kwa hiyo kasi hiyo huisikii. Unachosikia ni mzigo. Kila fremu (picha moja ya kwenye skrini) inapochorwa chipu inavuta mkondo mwingi, ikimaliza inapumua kidogo. Menyu ni nyepesi, kadi inaweza kuchora fremu 1,500 kwa sekunde, yaani mkondo unapanda na kushuka mara 1,500 kila sekunde. Nguvu ya sumaku ndani ya koili inapanda na kushuka nao, waya na kiini vinatetemeka, na mtetemo huo wa hezi 1,500 unazaa wenzake wa 3,000 na 4,500. Kati ya hezi 2,000 na 5,000 ndipo sikio linapokamata sauti vizuri kuliko kwingine kote. Ukiingia kwenye gemu fremu zinashuka hadi 100 hivi, sauti inakuwa ya mkwaruzo.

Tusizilaumu koili peke yake. Kapasita (vihifadhi chaji) za seramiki zilizojaa nyuma ya chipu hutanuka na kusinyaa volteji inapopanda na kushuka, na bodi nzima inageuka kiwambo cha spika.

Mlio peke yake hauunguzi kitu. Cha kuogopa ni harufu ya kuungua, cheche, sauti ya "tik tik" inayojirudia kwenye pawasaplai, au mashine kujizima chini ya mzigo. Ukiona kimojawapo, zima na uchomoe waya ukutani.

Anza na hatua isiyo na gharama. Fungua NVIDIA Control Panel, ingia Manage 3D settings, weka Max Frame Rate kwenye 140. Kwa monita ya hezi 144, fremu za juu ya hapo huzioni, unazisikia tu. Wenye kadi za AMD watumie Radeon Chill, au kikomo kilichomo ndani ya gemu. Kisha rudi kwenye menyu ile ile usikilize.

Mkondo12V

Naunga mkono, ila kabla ya kubadili chochote hakikisha unajua kinacholia ni kipi. Sauti nyembamba inadanganya sana ndani ya kasha la chuma.

Viringisha karatasi ya A4 iwe bomba, weka sikio upande mmoja, upande wa pili upitishe juu ya kadi, kisha kwenye matundu ya pawasaplai, kisha karibu na soketi ya prosesa. Karatasi tu, usiingize bomba la chuma wala kitu chenye waya. Nywele ndefu na kamba za shingoni zikae mbali na feni.

Ondoa shaka ya feni. Tumia MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi ya grafiki, kufunga feni za kadi kwenye asilimia 40, sikiliza, halafu 70. Mlio ukipanda pamoja na feni, hiyo ni beringi. Ukibaki vile vile, ni umeme.

Kisha pakua programu ya kuchora masafa ya sauti kwenye simu, Spectroid kwa mfano. Iweke sentimita 10 kutoka kwenye kadi, badilisha kikomo cha fremu: 60, halafu 90, halafu 120. Mistari ikihama kila unapobadilisha, sauti inatokana na mzigo wa kadi.

Mwisho, ipe kazi prosesa peke yake, kwa programu ya kupima prosesa kama Cinebench, kadi ikiwa imetulia. Ikilia hapo, chanzo ni mazabodi au pawasaplai. Kama prosesa yako ina grafiki zake za ndani, chomoa kadi kabisa urudie. Hicho ndicho kipimo kisicho na ubishi.

Binti Makorora

Mimi nijibu hapo kwenye UPS, maana hilo ni tatizo la pili tofauti na la kwanza.

UPS nyingi za bei ya kawaida zikiwa kwenye betri hazitoi wimbi laini kama la TANESCO. Zinatoa wimbi la ngazi ngazi. Pawasaplai za kisasa zina sehemu ya kurekebisha kipengele cha nguvu, nayo imetengenezwa kuvuta mkondo kwa kufuata umbo la wimbi. Ikikutana na ngazi, kila ukingo unaleta mshtuko wa mkondo, koili kubwa ya mbele inaunguruma. Baadhi ya pawasaplai hujizima kabisa umeme unapohamia kwenye betri. Haina maana kwamba pawasaplai ni mbovu.

Kipimo chake: chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani kwa dakika chache. Halafu rudisha kwenye UPS, uchomoe UPS ukutani ili ishike betri. Muungurumo ukija kwenye betri tu, dawa ni UPS yenye wimbi la sine halisi. Ukinunua soma karatasi yake ya vipimo, utafute neno la wimbi la betri. Usiishie kusoma lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Angalia na wati, si VA pekee: UPS ya VA 1,000 inaweza kubeba wati 600 tu.

Wenye stabilaiza nao wasikilize. Ile ina transfoma, nayo huvuma kwa hezi 100, yaani mara mbili ya hezi 50 za umeme wetu. Mvumo mnene wa namna hiyo hauna uhusiano na kadi.

Nairobi Nyaya

Kuhusu gundi, ndugu yangu, acha. Tazama koili za kadi yako: ni vibonge vya mraba, vya kijivu, vimeandikwa R22 au R15, yaani mikrohenri 0.22 au 0.15. Waya umezikwa ndani ya unga wa chuma ulioshindiliwa. Ukimwaga gundi juu yake hugusi kinachotetemeka, na waranti umeiua.

Gundi ya bunduki ndiyo mbaya kuliko zote kwa kazi hii, maana sehemu hiyo ya kadi inaweza kupita nyuzi 80 na gundi ikalainika ikatiririka. Silikoni inayonuka siki inatoa asidi inayokula shaba. Kadi ikishatoka kwenye waranti, kinachoweza kupunguza kidogo ni pedi za joto kati ya koili na kipoza joto, zinazikandamiza. Lakini unene wake lazima upimwe: pedi ikizidi hata nusu milimita, kipoza kinainuka juu ya chipu na joto linapaa.

Pawasaplai usifungue kabisa. Kapasita yake kubwa inashika karibu volti 400 za mkondo mnyoofu, na inaweza kubaki na chaji baada ya kuchomoa. Hiyo inaua mtu.

Na wati 850? Kadi ya 220, prosesa, feni na diski, jumla inakaa karibu 400. Yako ya 650 inatosha. Kununua kubwa zaidi ni kamari, kwa sababu koili za kadi zitabaki zile zile.

Kurasini_PC

Nashukuru sana. Nimefanya vipimo vyote.

Feni haihusiki. Mistari kwenye simu inahama kila nikibadilisha kikomo. Cinebench peke yake, kimya. Muungurumo wa pawasaplai unakuja kwenye betri ya UPS tu, ukutani haupo. Kikomo cha 140 kimeondoa mlio wa mbu kwenye menyu, ila ndani ya gemu nzito ule mkwaruzo bado upo, nausikia nikivua hedifoni. Kadi inapanda hadi wati 220 zote. Pia nimegundua plagi zote mbili za pini 8 zinatoka kwenye waya mmoja wenye matawi.

Fundi Saketi

Basi majibu yamepatikana: mlio ni wa kadi, muungurumo ni wa UPS. Sasa tupunguze mkondo wenyewe. Nguvu ya kutetemesha inakua haraka kuliko mkondo, kwa hiyo ukishusha mkondo kidogo sauti inaweza kushuka zaidi ya unavyotarajia.

Shusha volteji kwa Afterburner:

Bonyeza Ctrl+F upate mchoro wa volteji na kasi. Kwenye dirisha kuu, shusha Core Clock hadi kama -250, bonyeza Apply. Mstari mzima utashuka. Rudi kwenye mchoro, tafuta nukta ya 900 mV (volti 0.9), ivute juu hadi 1,800 MHz, Apply tena. Nukta zote za kulia kwake zitalala usawa mmoja, maana yake kadi haitapita 900 mV. Kwa kizazi cha RTX 30 hicho ni kianzio cha kawaida, ila chipu hazifanani.

Jaribu nusu saa kwenye gemu nzito kuliko zote ulizonazo. Draiva (programu inayoendesha kadi) ikianguka au picha ikiingia madoa, punguza 15 MHz, maana kadi hizi zinapanda na kushuka kwa ngazi za 15. Ukishatulia, hifadhi kwenye namba 1 ya Afterburner, na usiwashe chaguo la kuanza pamoja na Windows mpaka zipite siku kadhaa bila kuanguka. Ukiwasha mapema na mpangilio ni mbovu, mashine inaweza kuganda kila inapowaka.

Wengine husogeza tu Power Limit hadi asilimia 75. Ni rahisi, lakini kadi ikigonga kikomo inakuwa inapanda na kushuka kasi mfululizo, na wakati mwingine hilo lenyewe linaleta mlio. Kwa maoni yangu volteji ndiyo ianze.

Mkondo12V

Hapo kwenye waya wa matawi parekebishe leo hii. Kila plagi ya pini 8 imepangiwa wati 150, na sloti ya mazabodi inatoa hadi 75. Tumia nyaya mbili tofauti kutoka kwenye pawasaplai, ili mkondo ugawanyike na volti 12 zisinywee mzigo ukipanda ghafla. Kwa mlio usitegemee muujiza. Ni kwa ajili ya usalama wa plagi.

Na tafadhali sana: waya wa ziada uwe ule uliokuja na pawasaplai hiyo hiyo. Upande wa kadi plagi zinafanana, lakini upande wa pawasaplai kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka. Waya wa pawasaplai nyingine unaingia vizuri kabisa, halafu unapeleka volti 12 mahali pa ardhi.

Mdau_Mikindani

Samahani mwenye uzi, nachomekea swali. Kwangu ni kinyume: ni laptopu, inalia ikiwa imetulia, nikisogeza kipanya inanyamaza. Na kwenye hedifoni ninasikia mkwaruzo nikisogeza ukurasa. Ni kitu kimoja?

Fundi Saketi

Ni viwili, ndugu. Cha kwanza ni prosesa inayolala na kuamka mara nyingi kwa sekunde ili kuokoa betri. Ukisogeza kipanya inabaki macho. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) utafute C-states, yaani ngazi za usingizi wa prosesa. Usizime zote, anza kufunga zile za usingizi mzito, C6 na kuendelea, kama BIOS yako inaruhusu. Gharama yake ni joto kuongezeka na betri kuisha mapema, kwa hiyo pima kama inafaa.

Cha pili si koili kulia. Ni kelele ya umeme inayoingia kwenye saketi ya sauti. Kadi ndogo ya sauti ya USB inaimaliza mara nyingi. Kwa kompyuta ya mezani, jaribu kwanza tundu la nyuma, maana waya wa tundu la mbele huwa unapita jirani na kadi ya grafiki.

Kurasini_PC

Nyaya mbili nimeweka, zote za boksi la pawasaplai. 900 mV kwa 1,800 iliangusha draiva mara moja, 1,785 imetulia. Wati zimeshuka kutoka 220 hadi kama 165, joto nyuzi 61, fremu zimepungua 3 au 4 tu. Mkwaruzo upo kwa mbali, naupata nikisogeza sikio kwenye kasha. Je, nirudishe kadi dukani kwa waranti?

Nairobi Nyaya

Soma masharti kwanza. Watengenezaji wengi hawahesabu mlio kuwa ubovu kama kadi inafanya kazi, na wakikubadilishia unaweza kupata inayolia zaidi. Kama duka linaruhusu kubadilisha ndani ya siku za mwanzo, omba wakuwashie kadi nyingine pale pale, bila kikomo cha fremu, kwenye menyu ya gemu, feni za duka zikiwa zimezimwa. Wasipokubali kukuwashia, baki na yako.

Kwa kilichobaki, geuza kasha: upande wa kioo utazame ukuta, na kasha likae chini ya meza. Sauti nyembamba husafiri kwa kunyooka na hupoteza nguvu ikizuiwa, tofauti na mvumo mnene. Acha sentimita 10 au 15 nyuma kwa ajili ya hewa.