Ukimaliza kuomba, wasiwasi bado upo palepale: tunakosea wapi?

Mama Upendo
Bwana asifiwe wapendwa. Wiki ijayo naongoza somo la Wafilipi 4:6-7 kwenye jumuiya, pale Paulo anaposema tusijisumbue kwa lolote, bali kwa kusali na kuomba, pamoja na kushukuru, haja zetu zijulikane na Mungu, na amani yake itatulinda mioyo. Swali linalorudi ni hili: mtu anaomba saa nzima kuhusu ada au kodi ya nyumba, anasema Amina, halafu saa nane usiku yuko macho na mzigo uleule. Kumwambia "mwamini Mungu tu" hakumsaidii. Nimfundishe afanye nini hasa? Na shukrani inaingia wapi?

Mwanafunzi wa Neno
Amina, mama. Mpeleke 2 Wafalme 19:14-19. Hezekia, mfalme wa Yuda, amepokea barua ya vitisho kutoka Ashuru. Anaisoma, anapanda hekaluni, anaikunjua mbele za Bwana. Sala yenyewe ni aya tano tu. Anataja kwanza Mungu ni nani, anakiri kwamba kweli wafalme wa Ashuru wameharibu mataifa, kisha anaomba jambo moja: utuokoe.

Naye afanye hivyohivyo. Achukue karatasi, aandike deni ni shilingi ngapi, linadaiwa na nani, mwisho tarehe ngapi. Chini yake atenganishe mambo mawili: ninaloweza kufanya leo, na lisilo mikononi mwangu. La pili alikabidhi kwa Mungu, alitaje kwa jina lake. La kwanza aombee nguvu, kisha alifanye: ampigie mwenye nyumba kabla ya tarehe kufika, aombe kulipa kwa awamu mbili. Dakika kumi zinatosha.

Wengi wanapokosea ni hapa: saa nzima wanarudia "itakuwaje, Bwana, itakuwaje?" Huko ni kuhangaika macho yamefumbwa, na hofu inazidi kwa sababu ndiyo inayotajwa muda wote. Akishtuka usiku asianze sala upya. Aseme Zaburi 56:3, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe", pole pole, mara kadhaa. Mengine yako kwenye karatasi, yatasubiri asubuhi.

Dada Rehema
Naongezea upande wa shukrani. Paulo anaiweka pamoja na ombi, haisubiri jibu, na anaandika akiwa kifungoni (Wafilipi 1:13). Kabla ya kutaja haja, mtu ataje mambo matatu ya jana, kila moja na mhusika wake: jirani aliyemchukua mtoto shuleni, fundi aliyekubali kulipwa mwisho wa mwezi. "Asante kwa uzima" ni kweli kabisa, ila ikisemwa kila siku kwa maneno yaleyale mdomo unaenda na akili imebaki kwenye deni.

Tafadhali, mama, msimlazimishe mfiwa kushukuru kwa ajili ya msiba. Zaburi ya 13 inaanza na "hata lini" na wimbo unakuja mwishoni kabisa. Zaburi ya 88 inaishia gizani, na bado ni sala. Alie kwanza.

Muuguzi Mkristo
Nabii Eliya alipoomba afe (1 Wafalme 19), malaika alimpa mkate na maji, akalala tena, akalishwa tena. Mazungumzo yalikuja baadaye. Kwa hiyo muulize pia kama anakula, na kama anakunywa kahawa jioni. Usingizi ukipotea wiki kadhaa, au moyo ukienda mbio bila sababu, aende hospitali. Upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi ya shingo vinaweza kuleta hali hiyo. Akisema hataki kuishi, asiachwe peke yake hata kidogo, afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Na asiambiwe kwamba kumeza dawa ni kukosa imani.

Mama Upendo
Mungu awabariki sana. Na bibi asiyejua kuandika?

Mwanafunzi wa Neno
Amwambie mtu mmoja anayetunza siri, si kikundi kizima, na wakubaliane siku ya kuulizana (Wagalatia 6:2). Yale matatu ya shukrani ahesabu kwa vidole.