Njano ya Mtwara si njano ya ng'ambo ya Ruvuma. Hadi lini?

Wakuu, msimu wa vimbunga unaanza Novemba na jambo hili la rangi za onyo la kimbunga bado linachezewa.

Kwa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, njano ni Angalizo, ngazi ya chini kabisa. Juu yake kuna rangi ya chungwa (Tahadhari), halafu nyekundu (Tahadhari Kubwa). Vuka Ruvuma uingie Cabo Delgado, Msumbiji. Kule rangi za kimbunga zinahesabu saa: bluu, upepo unaweza kufika ndani ya saa 24 hadi 48, njano, ndani ya saa 24, nyekundu, ndani ya saa 6. Sasa mvuvi wa Msimbati anayenasa redio za pande zote mbili ashike lipi? Njano moja inamwambia awe macho. Nyingine inamtaka mashua iwe imeshapandishwa juu na watoto wameshaondolewa pwani.

Kinachokera ni kwamba chanzo ni kimoja. Kituo cha hali ya hewa cha kisiwa cha La Réunion ndicho kinachofuatilia vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, kwao na kwetu. Kimbunga Kenneth kilipopiga Cabo Delgado Aprili 2019, huku Mtwara nako watu walihamishwa. Kimbunga kimoja, rangi mbili! Jedwali la ukurasa mmoja linaloonyesha rangi yao ni sawa na ipi yetu, kwa Kiswahili, Kimakonde na Kireno, lingeandikwa kwa siku moja.

Halafu hili la kuwaambia wanaokimbia kimbunga "nendeni shuleni". Darasa la mita 7 kwa 9 lina mita za mraba 63. Kipimo cha Sphere, viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura, ni mita za mraba 3.5 kwa mtu, yaani watu 18. Mpango unaoandika 60 kwa darasa umeandikwa na mtu asiyeshika futi. Maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku: watu 300 ni lita 4,500, karibu simtank nzima ya 5,000, kila siku. Umeme ukikatika pampu inasimama, kwa hiyo bila jenereta na dizeli hiyo simtank ni pambo. Vyoo, tundu moja kwa watu 50 siku za mwanzo, kisha moja kwa 20.

Na msitegemee malori ya Dar. Kimbunga Hidaya, Mei 2024, barabara ya Dar kuja kusini ilikatika Somanga, Lindi, na kusini kukabaki kisiwa. Turubai na klorini vikae huku kabla ya mvua, na klorini ya unga iwekwe pakavu penye ubaridi, maana joto letu linaila nguvu.

SADC wana kituo cha dharura Nacala, Msumbiji. Njia ya nchi kavu kutoka huko haigusi Somanga, inavuka Ruvuma kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala, usalama ukiruhusu. Ila barua ya msamaha wa ushuru isiposainiwa mapema, lori la turubai litalala forodhani huku watu wananyeshewa.

Wahusika wa pande zote mbili, mnakutana, mnasaini, mnapiga picha. Tunataka jedwali la rangi, barua ya forodha, na namba ya zamu inayopokelewa saa 8 usiku. Ijaribiwe Oktoba, kwa kupigwa kweli.