Mjadala: Kumwambia Maria "utuombee", kosa liko wapi?

Wadau, salaam.

Juzi tulikuwa msibani kwa shangazi yangu. Saa mbili usiku wanajumuiya wakafika, wakaketi kwenye mikeka, mama mmoja akatoa rozari yake ya plastiki ya bluu, wakaanza. Kufika tendo la pili, shemeji yangu, mlokole wa damu, akanyanyuka kimyakimya akaenda kukaa nje kwenye benchi na wapishi. Hakugombana na mtu. Nilipompelekea chai akaniuliza, "Shemeji, mara hamsini na tatu mnamsalimia Mariamu. Baba wa mbinguni mmemsalimia mara ngapi?"

Nikacheka, lakini nikahesabu. Baba Yetu ni sita.

Hebu tuanzie hapohapo kwenye jina. Yeye alisema Mariamu, kama ilivyo kwenye Biblia ya Union, tafsiri ya Kiswahili wanayoitumia sana Waprotestanti. Mimi husema Maria. Ukimsikia mtu anavyolitaja jina hilo, mara nyingi umeshajua Jumapili anasali wapi.

Mimi ni Mkatoliki, sifichi. Ila nadhani ugomvi huu tunaupigania mahali pasipo pake. Nusu ya kwanza ya Salamu Maria, sala inayorudiwa kwenye rozari, si ya Papa yeyote. Ni maneno ya malaika na ya Elisabeti, Luka 1:28 na 42. Kama kuna la kubishia hapo, basi ni "umejaa neema", ambayo imepitia Kilatini. Union inasema "uliyepewa neema", na kusema kweli hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na Kigiriki, lugha ambayo Luka aliandikia. Mlokole anayeona aibu kuyatamka maneno hayo anieleze anaufanyia nini mstari wa 48: "tokea sasa vizazi vyote wataniita mbarikiwa." Vizazi vyote, naye yumo.

Nusu ya pili ndiyo ya Kanisa, na kitenzi chake ni "utuombee". Sisi Waswahili hatuna kisingizio hapa, maana lugha yetu imeshatutenganishia: kuomba ni kitu kimoja, kuombea ni kingine. Shemeji huyohuyo kila Jumatano humpigia mchungaji wake simu, "Mtumishi, niombee." Hajawahi kuambiwa kwamba anamwabudu mchungaji. Watu hukimbilia 1 Timotheo 2:5, mpatanishi ni mmoja, na ni kweli. Lakini warudi nyuma mistari minne tu: Paulo anaagiza maombezi yafanyike kwa ajili ya watu wote.

Na "Mama wa Mungu"? Hilo ni la Mtaguso wa Efeso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 431. Nestorio, askofu wa Konstantinopoli, alitaka aitwe Mama wa Kristo. Waliompinga hawakuwa wakimpandisha Maria cheo. Walikuwa wakilinda kwamba aliyezaliwa ni mmoja, Mungu kweli na mtu kweli. Hakuna aliyesema Mungu alianzia tumboni kwa binti wa Nazareti.

Haya, rusheni mawe.

*

Nimerudi, nimesoma michango yote. Nichukue mitatu.

Kuna aliyesema, "Yesu mwenyewe alimkatalia mama yake kwenye harusi ya Kana." Ndugu, umesoma Yohana 2:4 kwa Kiswahili? "Mama, tuna nini mimi nawe? Saa yangu haijawadia." Kigiriki kinasema "mwanamke". Watafsiri wa Union wakaona kwamba huku kwetu mtoto hamwiti mama yake "we mwanamke" akabaki na meno yake, wakaweka Mama. Wakatoliki wenzangu msishangilie mapema: neno hilohilo wamempa mwanamke Msamaria wa kisimani, "Mama, unisadiki." Kwa hiyo ni Mama ya heshima, kama unavyomwita muuza mboga. Mstari huo haumtukani Maria, wala haumtawazi. Kilichofuata ndicho chenye uzito: hakubishana na mwanawe, aliwageukia watumishi, "Lo lote atakalowaambia, fanyeni." Baada ya hapo Maandiko hayanukuu tena neno lake hata moja.

Wa pili ameleta Marko 6:3, ndugu zake Yesu, Yakobo, Yose, Yuda na Simoni, kuonyesha kwamba Maria alizaa wengine. Kwetu "ndugu" anaweza kuwa hata mtoto wa baba mkubwa, ndiyo maana Mkatoliki wa Kiswahili hupita mstari huu bila kujikwaa. Lakini tusidanganyane, Kigiriki kina neno lake la binamu na Paulo amelitumia Wakolosai 4:10. Jeromu, mtafsiri wa Biblia kwa Kilatini, aliandika karne ya 4 kumpinga Helvidio, aliyedai Maria alizaa wengine, na hata Luther, mwanzilishi wa Uprotestanti, aliendelea kuamini kwamba Maria alibaki bikira. Kwa Maandiko peke yake sioni anayeweza kumlaza mwenzake chali. Mimi naegemea mapokeo, najua naegemea nini.

Wa tatu ndiye aliyenibana kweli: "Mchungaji yuko hai, anashika simu. Maria amelala." Hapo ndipo penyewe! Swali letu hasa ni kama waliotutangulia wanatusikia. Mimi naonyesha Ufunuo 5:8, wazee ishirini na wanne na vitasa vya uvumba ambao ni maombi ya watakatifu. Wewe utasema hakuna mahali mtume alimwomba marehemu amwombee, na sina mstari wa kukupa.

Na kuna wenzangu wanaoliharibu shamba kwa kuzidisha mbolea. Fundisho kwamba Maria alikingiwa dhambi ya asili lilitangazwa 1854, la kupalizwa kwake mbinguni mwili na roho 1950. Mnajua hata Tomaso wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa wa karne ya 13, alilisitia lile la kwanza? Sasa wengine wakaanza kudai aitwe Mkombozi Mwenza. Novemba 2025 Vatikani yenyewe ikatoa waraka kwamba jina hilo halifai, kwa sababu linamfunika Kristo. Aliyeniandikia hapo juu kwa herufi kubwa kwamba "Maria ndiye anayeokoa" asome waraka huo kabla ya kumjibu mlokole yeyote.

Shemeji naye nimemsomea mjadala huu mpaka mwisho. Amekubali la "kuombea", la wafu kusikia amekataa katakata. Arobaini ya shangazi inakaribia. Amesema wimbo wa Maria, ule wenye "vizazi vyote", ukisomwa atakaa ndani, maana hiyo ni Luka tupu, ila rozari ikianza anarudi kwenye benchi lake. Sawa. Chai nitampelekea.