Kaizen imefifia kiwandani kwetu: tuanzie wapi kuirudisha?

Msimamizi wa zamu, Singida

Ndugu zangu, habari za kazi. Nasimamia zamu katika kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti. Mwaka jana tajiri alitupeleka wasimamizi kwenye mafunzo ya kaizen, yaani utaratibu wa Kijapani wa kuboresha kazi kidogo kidogo kwa mapendekezo ya wafanyakazi wenyewe, nasi tuliporudi tulichora mistari ya njano sakafuni, tukabandika lebo kwenye rafu za stoo, tukaondoa vyuma chakavu vilivyokuwa vimezagaa nyuma ya mashine, na tukaweka daftari ambamo kila mfanyakazi angeandika pendekezo lake. Wiki za mwanzo kurasa zilijaa. Leo mistari imefutika kwa mafuta na mashudu, spana zinatafutwa kama zamani, na daftari halina mwandiko mpya. Nilipouliza sababu, mpakiaji mmoja alinijibu mbele ya wenzake: "Mkishaona kazi ya watu wanne inawezekana kwa watatu, yule wa nne mtampeleka wapi?" Wenye uzoefu, mnauendelezaje utaratibu huu baada ya shamrashamra za mwanzo kupita?

Mtunza stoo ya dawa

Pole na majukumu, ndugu. Sisi wa hospitali tuna siku nyingi kidogo katika jambo hili: mwaka 2007 Wizara ya Afya, kwa msaada wa JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa maendeleo, ilianza kuujaribu utaratibu huu katika Hospitali ya Rufaa Mbeya, kwa kufuata mfano wa hospitali ya wanawake ya Castle Street iliyoko Colombo, Sri Lanka. Hatua nne za mwanzo kati ya zile tano, yaani sasambua (ondoa visivyohitajika), seti (panga kila kitu mahali pake), safisha na sanifisha (weka viwango), hazikumshinda mtu. Kazi iko kwenye ya tano, shikilia, yaani kuudumisha mpangilio. Katika stoo yetu kadi ya kila dawa inakaa mbele ya boksi lake, dawa inayokaribia kuisha muda inatangulia kutoka, na kiwango cha chini cha kuagizia kimeandikwa kwa wino mwekundu, hivyo muuguzi wa usiku anachukua anachohitaji bila kumsumbua mtu. Mpangilio huo haudorori kwa sababu anayeutunza ndiye unayempunguzia adha. Je, mistari yenu ya njano ilimpunguzia nani adha, mfanyakazi au mgeni wa ukaguzi? Na yale mapendekezo ya wiki za mwanzo, mangapi yalijibiwa?

Fundi mitambo

Mpakiaji wenu ameuliza swali ambalo Toyota yenyewe ililazimika kulijibu. Mwaka 1950 kampuni hiyo ilikuwa ukingoni mwa kufilisika, ikapunguza wafanyakazi, mgomo ukazuka, na mwanzilishi wake, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu. Funzo hilo halikusahaulika. Mwaka 1984, kwa ubia na General Motors, kampuni ya magari ya Marekani, waliufungua upya mtambo wa kuunda magari wa Fremont, California, ambao General Motors iliufunga mwaka 1982 ukiwa na sifa mbaya ya utoro na migomo. Waliwaajiri wengi wa wafanyakazi walewale, na katika mkataba na chama cha wafanyakazi wakakubali kwamba kupunguza watu kungekuwa hatua ya mwisho kabisa, baada ya hata mishahara ya wakubwa kukatwa. Mauzo yaliposhuka miaka michache baadaye, waliokosa kazi walipelekwa kwenye mafunzo na shughuli za maboresho badala ya kuachishwa. Mtu mwenye uhakika wa namna hiyo ndiye anayethubutu kuvuta kamba ya tahadhari iliyo juu ya mashine na kusimamisha uzalishaji akiona kasoro.

Mhasibu

Naomba nitofautiane kidogo. Tajiri wa alizeti hawezi kuahidi kama Toyota, kwa kuwa mbegu zikiisha vibarua huondoka, kaizen iwepo isiwepo. Anachoweza kutimiza ni ahadi nyembamba zaidi: kwamba hakuna atakayeondolewa kwa sababu ya pendekezo lililotekelezwa, na nafasi ikipungua kwenye upakiaji, mhusika atahamishiwa kitengo kingine. Iandikwe, isainiwe na kubandikwa ukutani. Maneno ya mkutanoni hayamtoshi mtu mwenye watoto wa kulisha.

Msimamizi wa zamu, Singida

Nawashukuru sana. Nimelipitia daftari upya, na pendekezo lililorudiwa kuliko yote linahusu koki ya kujazia madumu, ambayo inavuja. Kila zamu tunapiga deki, na kwenye karatasi ya ukaguzi tunapata alama zote za usafi! Nilipofuatilia kwa kuuliza kwa nini, na tena kwa nini, nilikuta mpira wa koki umechakaa, stoo haina mwingine, ombi la ununuzi linasubiri saini, na saini haipatikani kwa sababu hata kifaa cha shilingi elfu chache lazima kipitishwe na tajiri, ambaye mara nyingi yuko safarini. Kusubiri ni upotevu tuliofundishwa kuutafuta kwa wapakiaji, kumbe umekaa ofisini. Mhasibu, naweza kumwomba utaratibu gani ambao hautamtia wasiwasi kuhusu fedha zake?

Mhasibu

Mwombe atenge fedha ndogo za matengenezo kwa kila zamu, zenye kikomo anachokichagua mwenyewe, na risiti zirudishwe kila Ijumaa kabla ya kiasi kingine kutolewa. Aanze kwa mwezi mmoja na hiyo koki.