Sabdomeni ya duka langu haifunguki tangu jana, tovuti kuu inafunguka. Nifanyeje?

FundiTairi: Wakuu, habari za jioni. Nauza vipuri vya pikipiki hapa Mbeya. Duka langu la mtandaoni liko kwenye sabdomeni, yaani anwani ndogo iliyo chini ya domeni (jina la tovuti kuu), mfano wake vipuri.jina.co.tz. Tangu jana Jumatatu mchana ukifungua unaambiwa anwani haipo. Ajabu, jina.co.tz lenyewe linafunguka vizuri tu. Bidhaa ziko kwenye seva ninayoilipia mwenyewe, na nimelipa. Nimeshachapisha vibandiko 500 vya anwani hiyo. Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Ngalawa: Nilishasema humu, sabdomeni ni kujisumbua. Duka weka kwenye folda, jina.co.tz/vipuri, Google wakuone tovuti moja.

FundiTairi: Mkuu, sikuuliza hilo.

Kebo Nyeusi: Kama seva iko hai na domeni kuu inafunguka, kuna uwezekano rekodi ya A ya "vipuri" imefutwa kwenye DNS, ile orodha ya mtandao inayooanisha majina na namba za seva. Sabdomeni hainunuliwi, ni mstari anaouandika mwenye domeni: jina hili liende kwenye IP hii, yaani namba ya seva. Akitaka anaufuta. Domeni imesajiliwa kwa jina la nani?

FundiTairi: Ni ya familia.

Kebo Nyeusi: Familia ina watu wengi. Nani?

Bi Mwanaidi: La familia lilinikuta. Binamu alitutengenezea tovuti ya upishi, domeni akaandikisha kwa jina lake na barua pepe yake, akaenda zake Oman. Muda ukaisha, vikumbusho vinaenda kwake, hasomi. Ilipokufa vikafa vyote kwa mpigo: menyu, sabdomeni ya oda, barua pepe. Harusi mbili zikatupita. Mpaka leo tukikutana msibani tunasalimiana tu.

FundiTairi: Basi niseme. Ni ya shemeji. Ana karakana, sabdomeni alinipa bure. Mwezi wa tatu niliachana na dada yake, lakini hatukugombana! Na nywila ya cPanel, paneli anakosimamia tovuti na rekodi zake, ninayo, ni tarehe ya kuzaliwa ya huyo dada. Nawaza usiku niingie niirudishe rekodi. Duka ni langu jamani, siibi kitu.

Mzee wa Ngalawa: Rudiana na mkeo, DNS itajirudisha yenyewe.

Kebo Nyeusi: Usithubutu. Kujua nywila si kupewa ruhusa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo.

Pilato wa Jukwaa: Hii chai, tena ya rangi. Anwani haipo tangu jana mchana, halafu leo asubuhi kwenye uzi wa biashara umejisifu oda tatu za tairi kupitia mtandao. Zimepita wapi?

Mzee wa Ngalawa: Leteni vitumbua.

Kebo Nyeusi: Inawezekana kabisa kama TTL, muda ambao jibu la DNS huhifadhiwa, ilikuwa 86400. Hizo ni sekunde, yaani saa 24. Seva za DNS zilizokuwa zimehifadhi jibu la zamani huendelea kulitoa mpaka muda wake uishe. Ila mwenye uzi ajibu mwenyewe.

FundiTairi: Ndivyo hivyo. Leo mchana oda zimekata. Na ile nywila imebadilishwa.

Pilato wa Jukwaa: Umejuaje imebadilishwa, nawe ulikuwa "unawaza"?

FundiTairi: Nilijaribu mara moja tu, kabla sijaja humu.

Kebo Nyeusi: Acha hapo hapo. Sajili .co.tz yako kwa wakala aliyeidhinishwa, kwa jina lako na barua pepe yako. Ielekeze kwenye seva ileile, utoe na cheti kipya cha HTTPS (cha usalama wa tovuti), cha zamani hakilifahamu jina jipya. Kisha muombe shemeji airudishe rekodi walau miezi mitatu, ili anwani ya zamani iwapeleke wateja kwenye mpya.

FundiTairi: Simu yangu hapokei. Na vibandiko 500 je?

Bi Mwanaidi: Kalamu ya wino mzito, mwanangu. Anza na vya kwenye matangi ya pikipiki.